UZI: Kumkosa kaa mara sita, kisha kupaa hadi juu ya mnara. Hesabu za kukua nguvu kwenye Morrowind na ndugu zake

#1 MpigaPanga

Wakuu, salama?

Swali hili linarudi kila wakati tukizungumzia gemu za kukuza mhusika: kwa nini Morrowind, iliyotoka mwaka 2002, bado inawaacha watu na ladha ambayo gemu nyingi za juzi hazifikii? Jibu langu ni kwamba unyonge wako mle ni wa kweli, umeandikwa kwa namba, na dunia haikufuati nyuma. Ukirudi palepale ukiwa levo ya 15, pango ni lilelile na watu ambao hukuwaua ni walewale. Aliyebadilika ni wewe peke yako, na unalihisi hilo mkononi.

Wengi wanaitupa ndani ya saa ya kwanza wakidhani imeharibika. Kwa hiyo nianze na hesabu.

Majina kwanza, maana kwenye skrini ni ya Kiingereza. Strength nitaiita Nguvu, Endurance ni Ustahimilivu, Agility ni Wepesi, Willpower ni Utashi, Luck ni Bahati. Ule mstari wa kijani, Fatigue, nitauita pumzi. Huo mstari wa kijani ndio roho ya uzi huu.

Umeshuka melini Seyda Neen, umepata silaha, umetoka nje ya kijiji umemkuta kaa kwenye matope. Unakata. Macho yanaona chuma kinapita katikati ya gamba, lakini sauti ni ya upepo tu. Unakata tena, upepo. Mara ya saba ndiyo unasikia kishindo cha kugonga. Gemu haijaharibika: inarusha dadu kila unapokata, na dadu lenyewe linahesabiwa hivi.

Chukua ustadi wako wa silaha hiyo, ongeza Wepesi ÷ 5, ongeza Bahati ÷ 10. Jumla izidishe kwa 0.75 + (0.5 × sehemu ya pumzi iliyobaki). Kisha toa ukwepaji wa adui, ambao ni Wepesi wake ÷ 5 na Bahati yake ÷ 10, nao unazidishwa kwa pumzi yake vilevile.

Adui mwenye Wepesi 40 na Bahati 40 ambaye hajachoka ana ukwepaji wa 15. Wewe una Wepesi 40 na Bahati 40, umeshika silaha ambayo ustadi wake ni 5. Pumzi ikiwa imejaa: 17 × 1.25 = 21, toa 15, unabaki na 6. Yaani unapiga mara 6 katika 100. Sasa fika kwake ukiwa umekimbia mpaka pumzi imeisha: 17 × 0.75 ni chini ya 13, toa 15, umepita chini ya sifuri. Hutampiga kamwe, hata ukikata mpaka jioni.

Mhusika mwingine, Redguard aliyechagua upanga mrefu kama ustadi mkuu na vita kama fani yake, anaanza na 50 (30 za ustadi mkuu, 5 za fani, 15 za kabila). Pumzi ikiwa imejaa anapata 62 katika 100. Akiwa hoi, 31. Na baadaye, ustadi ukifika 75 na Wepesi 70, hesabu inatoa 101. Adui yuleyule hakukwepi tena, kila unachokata kinaingia.

Safari nzima ya gemu ni kutoka 6 kwenda 101, na hakuna anayekutangazia. Unagundua siku moja kwamba umeacha kusikia upepo.

#2 Mgeni_wa_Balmora

Asante mkuu kwa ufafanuzi. Naomba kuuliza: kwa mtu anayeanza leo, afanye nini saa mbili za kwanza ili asikate tamaa? Na je, achague kabila hilo la Redguard tu?

#3 MpigaPanga

Si lazima, ila kwa mara ya kwanza Redguard anasamehe makosa mengi. Fani iwe vita. Sifa mbili za kupewa 10 za ziada ziwe Nguvu na Ustahimilivu. Katika ustadi mkuu weka upanga mrefu, vazi zito, ngao na ufundi wa kutengeneza silaha. Huo wa ufundi watu wanaudharau na kumbe ni muhimu: silaha ikichakaa nusu, madhara yake nayo yanashuka nusu. Tembea na nyundo za kutengenezea muda wote.

Pale Seyda Neen mrudishie Fargoth, mkazi wa hapo, pete yake. Arrille mwenye duka naye atakupenda zaidi, na hapo bei zinalegea. Nunua upanga mrefu wa chuma. Usinunue kirungu au shoka eti kwa sababu ni rahisi. Utarudi kwenye ustadi wa 15.

Kisha pango la Addamasartus, hatua chache kutoka kijijini. Kuna wafanya magendo na mateka ndani. Kabla ya mlango simama kabisa, acha mstari wa kijani ujae, zima kukimbia (kwenye kompyuta ni Caps Lock), ingia kwa kutembea. Mvute mmoja mmoja nyuma uje upigane naye ukiwa umeegemea ukuta. Ukiona pumzi imeshuka chini ya nusu, rudi nyuma kwa kutembea, usibonyeze hovyo. Mtu anayebonyeza hovyo anaimaliza pumzi yake, anaanza kukosa, anabonyeza zaidi.

Ukimaliza, panda yule mdudu mkubwa wa usafiri mpaka Balmora. Caius Cosades, yule unayeagizwa kumwona mwanzoni mwa hadithi, atakupa dhahabu 200 na kukuambia ukajijenge kwanza. Mtii. Nenda chama cha wapiganaji hapohapo Balmora, kwa Eydis Fire-Eye. Kazi yake ya kwanza ni kuua panya nyumbani kwa mtu. Hiyo ni kazi ya hadhi yako kwa sasa.

#4 Nyuki_Mkimya

MpigaPanga umeeleza vizuri kaka, ila umeruka jambo ambalo likikosewa levo ya 3 unalilipia levo ya 30. Ustahimilivu.

Damu (uhai) unayoongezewa kila ukipanda levo ni Ustahimilivu wako wa wakati huo ÷ 10. Hairudi nyuma kulipa. Chukua wahusika wawili, wote Ustahimilivu 50. Wa kwanza anaongeza 5 kila levo kuanzia mwanzo, anafika 100 baada ya levo 10, kisha levo 10 nyingine anashughulikia mambo mengine. Wa pili anafanya kinyume, levo 10 za kwanza anaacha Ustahimilivu ulale. Baada ya levo 20 wote wana Ustahimilivu 100, lakini wa kwanza ana damu 50 zaidi. Hakuna namna ya kuzirudisha kwa kupanda levo.

Hizo 5 hazitoki bure. Unapanda levo baada ya ustadi mkuu na mdogo kupanda jumla ya mara 10, kisha ulale. Ukilala unaulizwa sifa tatu za kuongeza, na kila sifa inapewa kulingana na ustadi ulio chini yake uliopanda ndani ya levo hiyo. Ukipanda mara 1 hadi 4 unapata 2. Mara 5 hadi 7 unapata 3. Mara 8 au 9 unapata 4. Mara 10 na kuendelea, 5. Bahati haina ustadi wowote chini yake, kwa hiyo ni 1 siku zote.

Chini ya Ustahimilivu kuna mkuki, vazi zito na vazi la kati. Mbinu ni hii: weka vazi zito kwenye ustadi mkuu, mkuki uache nje kabisa kwenye ule usiohesabiwa levo. Ustadi usiohesabiwa levo bado unahesabiwa kwenye zile 10 za sifa. Kwa hiyo ukikosa mara nne za mwisho, unamlipa mwalimu wa mkuki akupandishe mara nne, halafu unalala. Mkuki ni wa bei ndogo sana kufundishwa kwa sababu uko chini.

Makosa mawili ninayoyaona sana. La kwanza, kuweka kukimbia na kuruka kwenye ustadi mkuu. Unapanda levo kwa kukimbia na kuruka tu, unalala, unakuta Ustahimilivu haujapata kitu cha maana. La pili, kuchelewa kulala. Ukizidisha zile 10, ziada inahamia kwenye levo ijayo, lakini hesabu ya sifa inafutwa. Ukiona alama ya kwamba uko tayari, maliza ulichoanza, tafuta kitanda.

#5 ChumviYaBahari

Nashukuru kwa nondo hizi. Nataka kuunga mkono hoja ya dunia isiyokufuata, kwa kuitazama gemu iliyofuata kwenye mfululizo huohuo.

Oblivion ya 2006 ilikuja nzuri kwa macho, upanga ukigusa umegusa. Lakini maadui wanapanda levo pamoja nawe. Unafika levo za juu, unakutana na jambazi wa barabarani anayekudai dhahabu 100 huku amevaa vazi la kioo ambalo likiuzwa linazidi deni hilo mara nyingi. Goblini wanakuwa na damu nyingi kiasi kwamba mtu aliyepanda levo kwa ustadi wa biashara na kuongea anajikuta dhaifu kuliko alivyokuwa levo ya 1. Ndiyo maana kuna wachezaji wanaomaliza hadithi nzima bila kulala kitandani, makusudi, wabaki levo ya kwanza. Gemu ya kukua, na njia rahisi ni kukataa kukua.

Kuna zaidi: silaha ya zawadi inapimwa kwa levo uliyoichukulia na inabaki hivyo. Ukiwahi, umepata toleo dhaifu la maisha. Toleo jipya la 2025 limeondoa maumivu ya zile hesabu za 2-3-4-5, unagawa pointi 12 mwenyewe kila levo, jambo jema kabisa. Lakini maadui bado wanakufuata.

#6 Nyuki_Mkimya

Nakubaliana nawe dada, ila tuwe sahihi: hata Morrowind ina orodha zinazotegemea levo. Wanyama wa porini wengi na sehemu ya vitu vya kwenye masanduku vinabadilika. Vilivyosimama ni watu wote wenye majina, walinzi, na silaha kubwa zilizowekwa kwa mkono. Ukijua zilipo na ukathubutu, unazichukua levo ya 2. Dunia haikuzuii, inakuua tu.

#7 MpigaPanga

Sahihi kabisa, nilijumlisha mno. Nashukuru kwa marekebisho.

#8 Taa_ya_Mkesha

Mmeongelea panga tu wakuu. Kwa mchawi utamu ni mkali zaidi kwa sababu anaanzia chini zaidi.

Hesabu ya uchawi: ustadi mara 2, ongeza Utashi ÷ 5, ongeza Bahati ÷ 10, toa gharama ya uchawi huo, kisha zidisha kwa pumzi ileile ya 0.75 hadi 1.25. Ndiyo, hata mchawi aliyekimbia anakosea maneno. Uchawi wa gharama 20, ustadi 15, Utashi 40, Bahati 40: (30 + 8 + 4 − 20) × 1.25 = 27. Ukishindwa, nguvu za uchawi zimeshakwenda. Ustadi huohuo ukifika 40 unapata 90. Kwa hiyo kanuni ya mwanzo ni kununua au kutengenezesha uchawi mdogo, wa gharama 5 au pungufu, na kuurudia. Ustadi unapanda kwa kufanikiwa, haujali ukubwa wa uchawi.

Na sasa minara ya Telvanni. Wachawi hawa wanaishi ndani ya uyoga mkubwa, na minara yao haina ngazi. Ingia Tel Naga pale Sadrith Mora: unasimama chini ya shimo la wima, unaangalia juu, chumba cha bwana kiko kule na hakuna kamba wala kidaraja. Hakuna mlinzi wa kukuzuia wala mlango wa kufungua. Jengo lenyewe linakuambia hujafika. Unaondoka. Siku unayorudi na uchawi wa kuelea, unaachia ardhi na kupanda polepole katikati ya kuta zile zile ulizoziangalia kwa chini. Hakuna namba iliyotokea kwenye skrini, lakini hakuna levo inayofanana na ile.

Ukiwa na haraka, dawa ya kuelea inauzwa, beba mbili: moja ya kupanda, na nyingine kwa sababu ya kwanza itaisha ukiwa hewani.

#9 Mgeni_wa_Balmora

Nimesoma kuhusu karatasi za yule mchawi anayeanguka kutoka angani karibu na Seyda Neen. Zinafaa au zinaua?

#10 Taa_ya_Mkesha

Zote mbili. Tarhiel anaanguka na kufa barabarani, mwilini mwake kuna karatasi tatu. Kila moja inaongeza ustadi wa kuruka kwa 1000 kwa sekunde 7. Shida ni kwamba mruko mmoja unazidi sekunde 7, kwa hiyo unatua ukiwa na ustadi wako halisi, na hapo unakufa. Soma ya kwanza, ruka, na ukiona ardhi inakaribia soma ya pili kabla ya kugusa. Kwa kuwa ustadi uko juu wakati wa kutua, unatua salama. Tatu zinatosha safari moja tu ya uhakika. Ni onjo la nguvu ambayo bado si yako, na wabunifu wameliweka mlangoni kabisa.

#11 MpigaPanga

Hapo umegusa mpaka wenyewe. Kuna nguvu uliyoijenga na kuna nguvu ya mkato, na Morrowind inakuachia zote mbili mikononi.

Mkato mkubwa ni dawa. Kiazi cha majivu, bloat na ngozi ya netch, viwili vyovyote kati ya hivyo vinatoa dawa ya kuongeza Akili. Akili inaingia kwenye hesabu ya kupika dawa. Kwa hiyo ukinywa, dawa inayofuata inakuwa kali zaidi. Unakunywa hiyo, inayofuata inazidi tena. Baada ya mizunguko michache namba zinakuwa za maelfu, na ukipika dawa ya Nguvu kwa Akili hiyo, kipigo kimoja kinaua yeyote. Nawaomba wanaoanza: msifanye hivyo mchezo wa kwanza. Ule ukimya wa kutosikia upepo tena hautakuwa na maana, kwa sababu hukuwahi kuusikia upepo wa kutosha.

#12 ChumviYaBahari

Hapo natofautiana nawe kidogo, mkuu. Buti za Pemenie, yule mfanyabiashara karibu na Caldera anayetaka kusindikizwa Gnaar Mok, zinaongeza kasi 200 na kukupofusha kabisa. Mtu anayegundua kwamba kinga dhidi ya uchawi ya 100 inahitajika sekunde ile tu ya kuvaa, kisha macho yanabaki, amekua. Ameielewa dunia. Mhusika wa kabila la Breton ana 50 tayari, anahitaji nyingine 50 za muda mfupi. Huo si mkato, huo ni ujuzi.

#13 MpigaPanga

Nakupa haki yako. Buti hizo zinahitaji kufikiri. Dawa zinahitaji kurudia tu.

#14 Fundi_wa_Khorinis

Wapenzi wa hoja hii jaribuni pia Gothic II, ya Wajerumani wa Piranha Bytes, 2002. Pale upanga ukigusa umegusa, ila dadu liko kwenye madhara. Ustadi wako wa mkono mmoja ni asilimia ya kupiga pigo kamili. Pigo kamili ni silaha + Nguvu − kinga ya adui. Pigo la kawaida ni sehemu ya kumi tu ya hapo, na haliendi chini ya 5.

Silaha 20, Nguvu 30, kinga ya adui 30. Pigo kamili ni 20, la kawaida 5. Ukiwa na ustadi wa 10, wastani ni 6.5. Upeleke ustadi 60, wastani unakuwa 14 kwa upanga uleule. Ongeza Nguvu ifike 60, pigo kamili ni 50 na wastani 32. Mara tano, bila kununua silaha mpya.

Kizuri kuliko namba ni mwili wa mhusika. Ukifika 30 anabadilisha namna ya kushika upanga, ukifika 60 anabadilika tena, mapigo yanaungana bila kusita. Anayekutazama akicheza anajua umekua bila kusoma kitu.

Kinachoharibu: kutawanya pointi. Unapata 10 kila levo na lazima umlipe mwalimu. Kwenye nyongeza ya Night of the Raven bei inapanda kadiri unavyopanda, pointi 1 kwa kila hatua mpaka 30, kisha 2, kisha 3 baada ya 60. Anayegawa sawasawa kwenye upinde, upanga na uchawi anafika sura ya tatu akiwa hana alichokimaliza.

#15 Nyuki_Mkimya

Na kwa wanaotoka Elden Ring wanaojiuliza mbona levo 40 bado wanakufa kwa pigo mbili: angalieni Vigor, sifa inayoongeza damu, kabla ya chochote. Ikiwa 25 damu ni 800, ikiwa 40 ni 1450, ikiwa 60 ni 1900. Baada ya 60 faida ni ndogo sana. Silaha nayo inakua kwa mawe kuliko kwa levo. Ya kawaida inafika +25, kila daraja la mawe linakula 2, 4 na 6, yaani mawe 12 ya daraja moja kwa hatua tatu. Ile ya mawe meusi inafika +10 na inakula jiwe moja kila hatua, kwa hiyo mwanzoni inakua haraka zaidi. Na dunia yake nayo imesimama: yule mpanda farasi wa dhahabu anayekuua nje ya mlango wa kwanza anakusubiri na damu ileile.

#16 Mgeni_wa_Balmora

Swali la mwisho wakuu. Kompyuta yangu ni ya zamani. Morrowind itakubali?

#17 MpigaPanga

Itakubali bila wasiwasi. Nunua gemu halali, Steam au GOG, kisha weka OpenMW, injini huria isiyo na malipo inayosoma mafaili yaleyale. Inaendesha vizuri hata kwenye mashine dhaifu, na kuna toleo la Android pia. Ukiona picha inakwama, punguza umbali wa kuona kwanza kabla ya kugusa kingine. Kuna modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) zinazofanya kila pigo liingie. Usiziweke sasa.

Jambo moja ufanye. Ukifika mlango wa Addamasartus levo ya 1, hifadhi mchezo kwa jina la peke yake na usiandike juu yake tena. Ukifika levo ya 15, ingia pango lilelile na mhusika uliyemjenga; wale uliowaua hawatakuwepo. Kisha fungua ile hifadhi ya zamani, kata mara kumi, na usikilize.